Posta ya filamu ya kutisha: muache jini kizani

Jamani wengi mnaniuliza vipi nnatengeneza posta za filamu za kutisha, basi leo nimekaa niandike, na mfano nnaotumia ni posta niliyofanya ya filamu fupi ya popobawa, yule jini mwenye mabawa ya popo anayesemwa huwavamia watu usiku, hapa Unguja.

Kwanza, kabla hujafungua kompyuta tafuta kitu kimoja tu. Muongozaji alikuja kwangu anataka popo mzima, mabawa, meno, damu, na sura za waigizaji wote zimepangwa juu kama picha ya harusi. Nikamwambia yakhe, ukishamuonesha kwenye posta mtu ataingia kutizama nini? Waliokuwepo Pemba mwaka 1995 wanakumbuka, khofu ya popobawa ilipoingia watu walitoka majumbani wakalala nje kwa makundi, hakuna alokuwa na picha yake na bado usingizi haukuja. Basi picha yetu ikawa mikeka: mitatu imelaliwa, wa nne mtupu, shuka imeburutwa inatoka nje ya mwangaza, na kandambili moja imepinduka.

Pili, taa iwe moja. Tulipiga usiku uani, taa zote tumezima, tochi ya simu tumeilaza chini pembeni ya mkeka mpaka misuko ya ukili ikawa inatoa vivuli. Ukitaka sura ya mtu, mwangaza utoke chini ya kidevu, mana macho yetu yamezoea jua na taa za juu, ukigeuza tu hata sura unayoijua utaikataa.

Tatu, kiza usikijaze. Tazama posta ya The Exorcist ya mwaka 1973, mtu mmoja mwenye kofia na mkoba kasimama nje ya nyumba, mwangaza wa dirishani unamuangukia, shetani hayupo kabisa na ndiye unayemuogopa. Mimi theluthi mbili ya juu niliiwacha nyeusi tupu, muongozaji akaomba nitie nyota, nikakataa.

Rangi moja inatosha, nyekundu niliitia kwenye ukanda wa kandambili tu. Herufi ziwe nyembamba zilizoachana, zile za kuchuruzika damu ziache, kwa mbali hazisomeki.

Sasa kuprinti, na hapa nisikilizeni vizuri. Weusi wa skrini si weusi wa karatasi. Posta yangu ya mwanzo nilitia wino mweusi peke yake asilimia 100, ikatoka kijivu kama jivu la seredani. Siku hizi nachanganya wino zote nne kwa asilimia: nyeusi 100, sayani (buluu) 60, majenta (waridi iliyokoza) 40, manjano 40, lakini kwa eneo kubwa tu, maandishi madogo yabaki nyeusi peke yake mana rangi zikihama kidogo yanaingia ukungu. Na kitu kilichomo ndani ya kiza, kama ile shuka, king'arishe zaidi ya unavyokiona kwenye skrini, karatasi haina taa nyuma yake. Printi A4 moja kwanza, itundike ukutani, rudi nyuma hatua kumi, kama mkeka mtupu huuoni bado hujamaliza.