Namna ya Kufuatilia Afya ya Paka na Mbwa Nyumbani

Mnyama hawezi kusema anaumwa wapi, na paka hasa huficha maradhi mpaka yamzidi nguvu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mfugaji ni kuijua vyema hali ya mnyama wake anapokuwa mzima, ili inapobadilika ampeleke kwa daktari wa mifugo mapema, akiwa na maelezo yanayoeleweka.

Chagua siku moja ya juma umkague akiwa ametulia. Inua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba utazame ufizi, ambao kwa mnyama mzima huwa wa waridi na wenye unyevunyevu, ingawa wengine wana madoa meusi ya kuzaliwa. Ubonyeze mpaka upauke, kisha uachie; rangi inatakiwa kurudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au ufizi ukiwa mweupe, wa manjano au wa buluu, mpeleke siku hiyo hiyo. Halafu pitisha vidole kinyume cha manyoya shingoni, nyuma ya masikio, makwapani na katikati ya vidole vya miguu, ambako kupe hujibanza. Ukikuta chembe nyeusi, ziweke juu ya kitambaa cheupe kilicholowa: zikitoa wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, hata kama kiroboto mwenyewe humwoni.

Akiwa usingizini, hesabu kifua kinainuka mara ngapi kwa dakika 1. Hesabu inayozidi 30 kila unapopima inahitaji uchunguzi. Pua kavu, ambayo watu wengi huitegemea, haithibitishi homa. Kipimo ni kipimajoto, na joto la kawaida la wanyama hawa ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi, juu kidogo ya letu. Mpime uzito pia kila mwezi: panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe.

Watoto wa paka na mbwa huanza chanjo wakiwa na wiki 6 hadi 8, nazo hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wafikishe angalau wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki 12, na paka naye huihitaji. Dawa ya minyoo hupimwa kwa uzito. Kwa kuwa viroboto hueneza aina mojawapo ya tegu, kumpa mnyama dawa ya minyoo huku ukiwaacha viroboto ni kuchota maji kwa pakacha.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni dawa za binadamu. Hata kidonge 1 cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa. Vivyo hivyo, dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwa paka, hata ukipunguza kiasi. Chokoleti, vitunguu na zabibu visiachwe wanapoweza kuvifikia.

Zipo dalili zisizosubiri asubuhi. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara kwenye sanduku la mchanga bila kutoa mkojo huenda njia yake imeziba, na wengi hudhani ni kufunga choo tu. Mbwa aliyevimba tumbo, anayejikakamua kutapika na hatoi kitu, huenda tumbo lake limejipinda. Paka aliyekataa chakula kwa saa 24 naye aonwe na daktari, kwa sababu ini lake huanza kudhurika upesi, hasa akiwa mnene.

Unapokwenda, chukua kadi ya chanjo, kumbukumbu za uzito na, ikiwa anaharisha, kinyesi kidogo ndani ya kopo safi. Kikapu cha kumbebea paka kikae wazi sebuleni siku zote, kikiwa na kitambaa anachokilalia, la sivyo siku ya safari utamtafuta uvunguni.