Marupurupu ya Mombasa, Kodi ya Pande Mbili

Juzi mpwa wangu kanijia hapa Chumbageni, Tanga, na barua ya ajira kutoka hoteli moja ya Mombasa. Mshahara, nyumba, gari, chakula cha mchana, matibabu. Uso wote kicheko. Nikamwambia, kaa kitako kwanza, tuisome kwa kalamu nyekundu. Mimi kule nimeandika hesabu za watu miaka sita, na slipu yangu ya kwanza ya mshahara nusura inilize: gari sikuliomba, kodi yake nikailipa.

Anza na gari, maana ndilo linalouma. Kenya huhesabu asilimia 2 ya bei aliyolinunulia mwajiri, kila mwezi. Gari la shilingi milioni 2 za kule linaongeza 40,000 kwenye mapato yako ya mwezi, hata likilala getini. Mapato ya mwezi yakishapita 32,333, kinachozidi kinaanza kukatwa asilimia 30, kwa hiyo 12,000 inakwenda na gari. Wala usidhani gari kuukuu litakuokoa, bei inayotazamwa ni ya siku lilipochukuliwa. Hapa kwetu TRA, mamlaka ya mapato, hupima injini na umri: la cc 1,500, halijapita miaka mitano, linaongeza mapato yako 500,000 za Tanzania kwa mwaka mzima. Badili fedha mwenyewe ulinganishe, ucheke.

Nyumba nayo inageuzwa fedha na kupandishwa juu ya mshahara. Matibabu anayogharamia mwajiri hayaguswi, na mlo wa kazini hausumbui mpaka upite 5,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kilipandishwa mwisho wa Desemba 2024.

Nauli ndiyo watu huipoteza bure. Ukiwa si raia wa Kenya, umeajiriwa ungali nje, na uko kule kwa kazi ya mwajiri huyo tu, nauli anayokulipia kuvuka mpaka wa Horohoro haihesabiwi kuwa mapato yako. Barua ya mpwa ilikuwa kimya juu ya hilo. Nikamwambia wamwandikie wazi: ameajiriwa akiwa Tanga.

Sasa siku. Ukitimiza siku 183 Kenya ndani ya mwaka, wewe ni mkaazi wao wa kodi, unapata nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi. Lakini Tanga waja leo waondoka leo, na hapo ndipo penye mtego: kama una makaazi ya kudumu huku, ukaja hata kwa Idi tu, sheria yetu inakuhesabu mkaazi kwa mwaka huo, na mapato ya mkaazi yanahesabiwa popote yalipotoka. Tena sisi na Kenya hatuna mkataba unaofanya kazi wa kuzuia kodi mara mbili. Ule wa Afrika Mashariki ulitiwa saini 2010, ukakwama. Tunao na Zambia, India, Afrika Kusini na wengine kadhaa.

Hata hivyo TRA inakubali kupunguza kodi uliyokwisha kulipa nje, isizidi ile ambayo mapato hayo yangedaiwa huku. Ritani, ile fomu ya kutangaza mapato, upeleke mwenyewe kabla Juni haijaisha, kwa kuwa mwajiri wa Mombasa hakukatii PAYE yetu, kodi ya mshahara. Ushahidi wako ni fomu ya P9 ya kila mwaka, ambayo mwajiri wa Kenya hukuonyesha mapato na kodi uliyokatwa. Yangu ya mwaka wa pili ilifungiwa maandazi nyumbani, nikapanda basi kurudi kuomba nakala.

Mpwa ameiandikia hoteli swali moja tu: gari hilo mlilinunua kwa bei gani? Jibu bado.