Gari la Kale kwa Ndani: Kuchagua Vifaa Vinavyolingana na Enzi Yake

Kabla ya kununua kiti, usukani au redio, jiulize kama mwenye gari hilo angeweza kukipata kifaa hicho dukani wakati gari lilipokuwa bado jipya. Kama angeweza, kinafaa kufikiriwa. Kipimo hiki ni kipana kuliko "kama lilivyotoka kiwandani". Usukani wa mbao wa Nardi, kwa mfano, ulinunuliwa na madereva wa miaka ya 1950 na 1960 kama kifaa cha kuongeza, kwa hiyo unakaa vizuri ndani ya gari la wakati huo hata kama kiwanda hakikuufunga. Kitambaa cha kisasa chenye sura ya nyuzi za kaboni hakiwezi kupita hapo.

Ushahidi hutafutwa kwenye brosha za mauzo za mwaka wa gari, kitabu cha vipuri na orodha ya vifaa vya hiari. Magari mengi yana bamba kwenye bodi lenye namba ya rangi na aina ya viti. Kwa MG, Austin na Morris nyingi, taasisi ya urithi wa magari ya Uingereza, British Motor Industry Heritage Trust, hutoa cheti kinachoonyesha jinsi gari lilivyotengenezwa. Rangi halisi ya kitambaa usiichukue juu ya kiti kilichopigwa na jua. Fungua paneli ya mlango utazame mkunjo uliogeuzwa nyuma, kisha linganisha sampuli nje, kwenye mwanga wa mchana.

Sharti la pili ni kwamba kila unachofunga kiweze kufunguliwa bila kuacha kovu. Tundu lililokatwa kwenye dashibodi ya chuma haliwi tena kama lilivyokuwa.

Anza na maji. Toa kapeti zote, mwagia kioo cha mbele na milango maji ya bomba kwa dakika kumi, huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Kapeti mpya juu ya sakafu inayovuja hushika unyevu, na kutu hula chuma kimyakimya hadi mguu utoboe. Kwa sababu hiyohiyo, ile felti nene iliyotumika zamani haifai chini ya kapeti ya gari lenye mashaka ya kuvuja. Weka sponji ya vitundu vilivyofungwa, isiyonyonya maji, haitaonekana.

Kapeti yenyewe inafuata daraja la gari. Magari ya kawaida yalikuwa na mpira uliofinyangwa au kapeti ya vitanzi vifupi, na yale ya kifahari yalikuwa na sufu iliyokatwa. Sufu nene ndani ya gari dogo la bei nafuu huonekana mara moja kuwa si yake. Tumia vipande vya zamani kama ruwaza, hata vikiwa vimeoza. Gundi vipande vya handaki la gia (tuta la katikati ya sakafu) na vya juu ya magurudumu tu. Vya sakafuni vishike kwa vifungo vya kubana, ili uweze kuvitoa na kuvianika. Gundi ya kupaka pande zote mbili huachwa ikauke mpaka isishike kidole ndipo pande zikutanishwe. Ukiharakisha, mvuke unanaswa ndani na kapeti hubanduka kwenye joto.

Viti ndivyo vinavyostahili muda mwingi zaidi. Kwanza jua gari lako lilikuwa na nini. Si kila gari la kale lilikuwa na ngozi, na Mercedes nyingi zilitoka na ngozi bandia ya MB-Tex, ambayo ni ya enzi yake kabisa. Ukichagua ngozi bandia, angalia vinyweleo vya uso wake, kwani za kisasa mara nyingi zina mchoro mkubwa na mng'ao usiokuwepo zamani. Pima pia upana wa mikunjo iliyoshonwa kwenye kiti cha asili, umpe fundi kipimo hicho kwa milimita. Mikunjo ikipanuka kidogo tu, kiti kizima hubadilika sura. Vitambaa vingi vya ngozi bandia vina upana wa sentimita 137, basi tandaza ruwaza zote kwa kipimo hicho kabla ya kununua, na ongeza kidogo kwa makosa ya kukata, kwa sababu roli ya pili huenda isilingane rangi na ya kwanza.

Kosa linaloharibu viti vingi liko chini ya kitambaa. Fundi huweka sponji ngumu na nene, dereva anainuka sentimita kadhaa, kichwa kinagusa paa na usukani unakaa mapajani. Kabla ya kufungua kiti, pima kimo chake mtu akiwa amekikalia. Mikanda ya mpira iliyo chini ya kiti hulegea kwa uzee, na ukiibadilisha kimo kinarudi bila kugusa sponji. Kama kiti kina springi, weka turubai nzito kati ya springi na sponji, la sivyo chuma kitaikata. Sponji ikatwe kubwa kidogo kuliko kifuniko, kama milimita kumi kila upande, ili kitambaa kijae bila makunyanzi.

Mkanda wa usalama ni sehemu ambayo usalama unatangulia sura, na kwa bahati nzuri historia iko upande wako: Volvo ilianza kufunga mkanda wa ncha tatu mwaka 1959, kwa hiyo gari la miaka ya 1960 lenye mkanda huo halijaikosea enzi yake. Chagua wenye kifungo cha kromu na ufumaji wa rangi moja. Bolti za mikanda hii kwa kawaida ni za inchi 7/16 UNF (aina ya nyuzi za bolti), na pasipo na nati ya kiwandani lazima bamba la chuma la kuimarisha lichomelewe nyuma, maana bati jembamba la bodi litachanika. Tundu la juu lisiwe chini ya bega, kwani mkanda utavuta uti wa mgongo kwenda chini gari likigonga. Mkanda unaojikunja una roli inayofanya kazi kwa pembe maalumu tu. Ukiifunga kwa mlalo usio wake itajifunga muda wote au haitajifunga kabisa.

Usukani mdogo unavutia, lakini gari lisilo na msaada wa haidroliki lilipewa usukani mkubwa kwa sababu. Kushuka kutoka milimita 420 hadi 355 hufanya kuegesha kuwa kazi nzito, na ukingo unaweza kuziba spidomita. Milimita 380 huwa ni maafikiano mazuri. Angalia mpangilio wa matundu: Momo hutumia matundu sita kwenye duara la milimita 70, Nardi ni milimita 74, na kiungo cha katikati ni cha modeli ya gari lako. Nyoosha magurudumu, weka alama kwenye shafti, kisha tumia pula, yaani kifaa cha kuvutia, kuung'oa wa zamani. Usipige shafti kwa nyundo. Hakikisha pia kidude kinachorudisha indiketa kinafikiwa na kiungo kipya. Kama gari lina usukani wenye mto mzito au shafti inayojikunja katika ajali, afadhali uache kama ulivyo.

Umeme wa gari la kale una mitego yake. Magari mengi ya Uingereza kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yaliunganisha upande chanya wa betri na bodi, na redio ya kisasa ikiguswa na bodi hiyo huungua. Mengine ni ya volti 6. Pima kwa mita kabla ya kununua. Kwa muziki, njia safi ni kuacha redio ya asili mahali pake na kuficha amplifaya ndogo ya Bluetooth chini ya dashibodi, yenye fyuzi yake karibu na chanzo cha umeme. Spika zikae ndani ya visanduku chini ya viti, paneli za milango zisikatwe.

Ukiongeza geji, tafuta maandishi na ukingo vinavyofanana na vilivyopo, geji ya kampuni ya Smiths kwa Smiths, ya VDO kwa VDO. Epuka ammita, yaani geji ya mkondo wa umeme, endapo umefunga alternata yenye nguvu, maana mkondo wote hupitia ndani yake na waya unaweza kushika moto. Voltimita, inayopima volti, huhitaji waya mwembamba tu. Geji nyingi za Smiths za joto na mafuta hulishwa volti 10 kupitia kidhibiti maalumu, na ukiziunganisha moja kwa moja na 12 zitasoma juu kuliko ukweli. Balbu za LED zenye rangi ya njano zinakubalika kwenye geji, ila isiwe taa ya chaji: alternata nyingi huamshwa na mkondo unaopita kwenye balbu hiyo, na LED haipitishi wa kutosha.

Mbao za dashibodi zirudishiwe veneya halisi (tabaka jembamba la mbao) na vanishi inayozuia jua. Stika za plastiki zenye mchoro wa mbao huachia kwenye kona.

Baada ya jaribio la maji, mpangilio wa kazi ni huu: waya kwanza, kisha kitambaa cha paa, kwa sababu kwenye magari mengi kingo zake hupita chini ya raba za vioo. Andika namba kwenye kila fito la chuma linalokishika, kwani mapindo yake hayalingani. Ndipo vioo, kapeti, mikanda, viti, na usukani mwisho.