Wiki moja melini Mediterania: mambo ya kushughulikia kabla hujafunga sanduku

Wanaoniuliza kuhusu safari ya meli ya kitalii karibu wote huanza na nguo. Tuvae nini usiku wa nahodha, ile jioni rasmi ya melini? Kitenge kinafaa? Kinafaa, tena kitawapendeza watu. Ila mimi huwarudishia swali: viza yako inaruhusu kuingia mara ngapi? Maana ukishapanda meli utalelewa kama mwali. Kitanda kitatandikwa, chakula kitakuwepo tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na bandari zitakufuata mlangoni. Safari huharibikia kwenye mapito: dirisha la viza, uwanja wa ndege, na ngazi ya meli saa ya jioni. Nguo zitajipanga zenyewe.

Njia niliyopita na mama yangu ni ile wanayoanza nayo watu wengi: usiku saba, kutoka Barcelona na kurudi Barcelona. Kesho yake Marseille, kisha Genoa, kisha Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya kwendea Roma, kisha Napoli, siku moja nzima baharini, halafu Palma katika kisiwa cha Mallorca. Ilikuwa Septemba, joto limepungua kidogo na watoto wa Ulaya wamerudi shule.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, hizo nchi tatu, Hispania, Ufaransa na Italia, zinahitaji viza moja tu, ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja. Swali ni uiombe kwa nani. Kanuni ni nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingilia. Chukua kalamu uhesabu. Kwenye njia yetu Italia ina siku tatu. Hispania, ukijumlisha siku ya kufika kwa ndege, siku ya kupanda meli, Palma, na siku ya kushuka, inapata nne. Kwa hiyo tuliomba Hispania, na barua yetu ya maombi ilieleza hesabu hiyo mstari kwa mstari. Ukikosea hapa unaweza kurudishiwa fomu, na miadi mpya haipatikani kirahisi.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku kumi na tano kabla. Usiifikie hiyo kumi na tano. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na kituo cha kupokea maombi kina malipo yake juu ya hapo. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu ya uhai baada ya siku utakayotoka Schengen, kurasa mbili tupu, na iwe imetolewa ndani ya miaka kumi. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000.

Sasa tazama bandari zako moja moja. Malta na Croatia zimo ndani ya Schengen. Tunis haimo, bandari za Uturuki hazimo, wala Kotor ya Montenegro. Meli ikipita huko umetoka Schengen, na kurudi ni kuingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja atazuiwa siku ya kwanza tu, pale kwenye meza ya kukagulia nyaraka, na nauli hairudishwi. Nchi hiyo ya nje nayo inaweza kukudai viza yake hata kama umepanga kubaki chumbani siku nzima. Ndugu zetu wenye kadi ya ukaazi ya Marekani hudhani kadi ile inawatosha Ulaya. Haitoshi, kinachoangaliwa ni pasipoti.

Ukisafiri na mtoto bila mzazi mwenzako, beba barua ya ridhaa iliyopigwa muhuri na wakili. Mjamzito aulize mapema, kwa sababu kampuni nyingi hazimpokei atakayekuwa ametimiza wiki 24 kabla safari haijaisha.

Tiketi ya ndege ikufikishe Barcelona siku moja kabla. Kutoka Dar es Salaam au Nairobi utabadilisha ndege mahali fulani, na kila kituo cha kubadilisha ni nafasi ya kuchelewa au ya sanduku kubaki nyuma. Pesa ya hoteli ya usiku mmoja inauma, najua. Kuikimbiza meli hadi Marseille kunauma zaidi.

Kuhusu bima, usiridhike na ile ya viza pekee. Soma kama inalipa matibabu yaliyotolewa baharini, kama inalipia kusafirishwa mgonjwa hadi hospitali ya nchi kavu, na kama inafidia ukiikosa meli. Zahanati ya melini ipo na ina daktari, lakini ni ya kulipia, na bei zake si za hospitali ya wilaya.

Wakati wa kuchagua chumba, wanaougua bahari wachague cha katikati, mbali na omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, kwenye sitaha za chini. Huko meli huyumba kidogo. Chumba cha juu chenye kibaraza kina mandhari nzuri na kigegezi chake. Mediterania ya Septemba kwa kawaida ni tulivu kuliko mkondo wa Pemba ninaoufahamu mimi, lakini haijaapa. Chukua vidonge vyako vya kichefuchefu kutoka nyumbani, uvimeze kabla tumbo halijaanza, na tangawizi iwe karibu.

Chakula ndicho kilichomhangaisha mama kuliko yote. Melini kuna bufee, ambayo unakula utakapo, na kuna ukumbi mkuu wenye wahudumu, ambao mara nyingi una zamu mbili za jioni. Vyote hivyo vimo ndani ya nauli. Migahawa midogo midogo yenye taa hafifu ni ya kulipia, na vinywaji kwa kawaida havimo. Hata chupa ya maji inaweza kuandikwa kwenye hesabu yako. Anayekula halali aandike ombi wakati wa kukata tiketi au wiki kadhaa kabla, si usiku wa kwanza mezani. Nyama haijifichi sana, ni kuuliza tu. Vinavyoponyoka ni mchuzi uliopikiwa mvinyo, supu yenye vipande vya nguruwe, na vitamutamu vya jelatini. Siku ya kwanza mwite msimamizi wa ukumbi, umweleze mara moja, naye atamwambia mhudumu wa meza yako. Kwa kuwa meza na mhudumu ni walewale wiki nzima, hutarudia maelezo. Mama aliishia kula samaki siku tano, akasema hajala samaki vizuri hivyo tangu atoke Tanga. Pilipili aliileta mwenyewe. Samli na nyama kavu aliziacha baada ya kubishana nami, kwa sababu Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kuingiza nyama wala vyakula vya maziwa kutoka nchi zetu.

Na unawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya bufee. Ile dawa ya kupaka inayowekwa mlangoni haivimalizi virusi vya noro, ambavyo ndivyo vinavyolaza watu kwa kuhara na kutapika melini.

Matembezi ya nchi kavu nimeyaachia nafasi kubwa kwa sababu hapa ndipo pesa na saa hupotea pamoja. Meli huuza matembezi yake kwa kila bandari, na bei yake ni ya juu. Unachonunua hasa ni ahadi: basi la meli likichelewa, meli husubiri. Ukienda kivyako ukachelewa, utaiona ikigeuza omo. Kwa hiyo pima umbali kwanza. Genoa hauhitaji kumlipa mtu. Gati liko jirani na stesheni ya Principe, na mji wa kale unaanza ukivuka barabara. Marseille meli hufunga mbali na Bandari ya Kale, utahitaji basi. Roma iko yapata kilomita 70 kutoka Civitavecchia: kuna basi la kukutoa ndani ya bandari, kisha njia hadi stesheni, kisha treni ya takriban saa nzima. Kwa Roma mimi nililipa matembezi ya meli bila kusita, hasa nikiwa na mtu wa miaka sabini. Anayetaka kwenda peke yake apange kurudi na treni mbili kabla ya ile inayomtosha, na aangalie siku kadhaa mbele kama kuna mgomo. Italia migomo ya reli hutangazwa mapema, na huwa na saa ambazo treni fulani lazima zitembee.

Tiketi za ndani zikatwe kabla hujaondoka nyumbani. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho ya mwezi. Kanisa la Mtakatifu Petro halimruhusu aliyeacha mabega au magoti wazi. Khanga moja begani ilitatua hilo, na tukamwazima ya pili mama mmoja Mwingereza aliyekuwa amekwama mlangoni. Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, tangu Novemba 2024 hupokea watu 20,000 tu kwa siku, na tiketi huandikwa jina la mwenyewe. Kutoka Napoli unafika kwa treni ya Circumvesuviana kwa dakika kama 40. Shika mkoba mbele ya tumbo humo ndani. Ukifika utakuta mawe makubwa yasiyo sawa na jua bila kivuli. Viatu vya kisigino viache, kofia ubebe.

Saa ya mwisho ya kupanda huandikwa kwenye karatasi ya kila siku inayoletwa chumbani, nayo hufuata saa ya meli. Wazee wetu waandikie kwa maneno. Ukiandika 5:30 kwa kusikia Kiingereza cha kipaza sauti, mama ataisoma saa tano na nusu, na atakuwa sahihi. Andika saa kumi na moja na nusu jioni. Wangu alikataa kabisa kurekebisha saa yake ya mkononi, iliyobaki na saa za Dar es Salaam, yaani saa moja mbele ya Italia kwa msimu ule. Kila bandari alitukimbiza kurudi kwa wasiwasi wa bure, na ndiyo sababu hatukuchelewa hata mara moja. Kwenye karatasi hiyohiyo pana namba ya wakala wa bandari, wa kumpigia meli ikikuacha. Ipige picha kabla ya kushuka, na uwe na nakala ya pasipoti na viza, maana melini pasipoti zenye viza mara nyingi hukusanywa na kuwekwa mapokezi.

Pesa za ndani hazionekani, na hilo ndilo tatizo lake. Kila kitu hulipwa kwa kadi ya chumba, kisha hesabu hukatwa kwenye kadi yako ya benki. Bakshishi ya wahudumu mara nyingi huongezwa yenyewe, kwa kila mtu, kwa kila usiku. Familia ya watu wanne ni bakshishi 28 kabla hamjanunua soda. Wajulishe benki yako kwamba kadi itatumika nje. Fahamu pia kwamba meli huzuia kiasi fulani cha pesa mapema, na kwa kadi ya debit, ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako, zilizozuiwa zinaweza kukaa siku kadhaa baada ya wewe kurudi nyumbani. Simu iweke kwenye hali ya ndegeni mara tu nchi kavu inapofifia, la sivyo itajiunga na mtandao wa setilaiti wa melini, na bili yake utaikuta kwenye laini.

Vitu vidogo: plagi yetu ya miguu mitatu haiingii, beba adapta ya Ulaya. Pasi na koili ya kuchemshia maji huchukuliwa kwenye ukaguzi. Dawa, nyaraka, chaja na nguo moja ya kubadilisha vikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu sanduku unalokabidhi gatini linaweza kufika chumbani jioni.

Kabla meli haijang'oa nanga mtaitwa kwenye zoezi la dharura. Nenda, na nenda na wazee wako wote. Sisi tuliokua tukisikia majina ya MV Bukoba na Spice Islander hatuhitaji kushawishiwa, lakini nimeona watu wakijificha baa. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia ilitoka Civitavecchia hiyohiyo jioni, ikagonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, wakafa watu 32. Waliopanda siku ile hawakuwa wamefanya zoezi, kwa kuwa sheria ya wakati huo iliruhusu lisubiri hadi saa 24. Siku hizi hufanyika kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Jua namba ya kituo chako cha kukusanyikia, jaketi la kuokolea liko wapi, na mlio wenyewe: saba mifupi, mmoja mrefu.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango, hukusanywa watu wakiwa wamelala, na utayakuta gatini asubuhi. Bakiza nguo ya kuvaa. Nilimwambia mama, akaitikia, kisha kwa unadhifu wake akafunga kila kitu hadi viatu. Alishuka Barcelona kwa doti ya khanga juu ya nguo ya kulalia na ndara za bafuni, akiwasalimia maofisa wa uhamiaji kama anayekwenda sokoni.