Leza ya makovu kwa ngozi zetu nyeusi: kabla hujapanda basi la Dar soma hii

Kovu ninaloulizwa kuliko yote ni lile la eksozi ya bodaboda, la kwenye shavu la mguu wa kulia, sijui Tanga hii nani hana. Wengine ni mashimo ya chunusi, wengine kovu la opresheni limevimba limekuwa gumu. Na wote swali ni moja, eti leza inatoa? Jibu ni inategemea kovu lenyewe na mashine yenyewe, kwaiyo tuanze na kovu.

Pitisha kidole. Kama pako bapa ila peusi tu, hilo bado ni doa, na doa mara nyingi linafifia lenyewe kwa miezi kadhaa ukilikinga na jua, kwaiyo usikimbilie leza. Kama kuna kishimo, hapo leza ina kazi: ile inayoitwa frakshono inatoboa vitundu vidogo sana ngozini na kuacha ngozi nzima katikati yake, alafu mwili unajaza kolajeni mpya, yani nyuzi zinazoishikilia ngozi. Kama limepanda juu angalia mipaka yake, likibaki palepale ulipoumia ni kovu nene tu, ila likitambaa likavuka hadi kwenye ngozi nzima (kifuani, mabegani, kwenye ndewe za masikio hasa) hiyo ni keloidi. Keloidi usikubali mtu akuchome leza peke yake akakuruhusu uende nyumbani, maana inaweza kurudi kubwa kuliko mwanzo. Kawaida inaanza sindano ya steroidi, dawa ya kusinyaza kovu, ndani ya kovu lenyewe, leza ikija inakuja kusaidiana nayo.

Na baka likiwa limepauka alafu ukiligusa huhisi kitu, achana na habari za urembo kabisa, nenda hospitali wakuangalie ukoma. Dawa yake ni bure na unapona.

Sasa mashine, hapa ndo watu wanaungua. Mwanga wa leza unatafuta rangi, na rangi ya ngozi, yani melanini, sisi tunayo ya kutosha, kwaiyo mashine iliyopangwa kwa mzungu ikija kwetu joto linaishia juu juu kwenye ngozi, unatoka na madoa meusi au meupe kuzidi ulichoendea. Madaktari wana vipimo vya Fitzpatrick vya tangu 1975, aina 6 za ngozi kuanzia nyeupe hadi nyeusi kabisa, sisi wengi tuko ya 5 na ya 6. Kwa ngozi hizo leza inayoaminika zaidi kuondoa nywele na vile vipele vya ndevu (kaka zangu mnaoteseka kila mkitoka kwa kinyozi, hii inawahusu) ni Nd:YAG ya nanomita 1064, kwa sababu mwanga wake unazama chini na melanini inaudaka kidogo. Leza ya aleksandraiti ya nanomita 755 waachie wenye ngozi nyeupe. IPL wala sio leza, ni taa kali, na saluni zinaipenda, usiwape ngozi yako hata kwa ofa. Leza za mashimo kama CO2 zenyewe zinafata maji ya ngozini, zinafanyika kwetu pia ila kwa nguvu ndogo, na mtu awe amezoea ngozi nyeusi.

Kwaiyo ukifika uliza jina la mashine na uliandike kwenye simu, uliza nani anaishika, na uombe wajaribu kwanza kijisehemu kidogo kilichojificha, alafu usubiri wiki kadhaa uone ngozi imesemaje. Wakikwambia haina haja, toka. Sehemu ya kuanzia ni Bombo, hospitali yetu ya mkoa, daktari akiona kuna haja atakuandikia rufaa, Muhimbili au KCMC Moshi ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992.

Kabla ya kwenda acha mkorogo, naongea na wewe unayejijua. Zebaki, haidrokwinoni na steroidi za kwenye makopo zinadhoofisha ngozi, na daktari usimfiche. Mwambie pia kama una mimba, kama unatumia vidonge vya chunusi vya isotretinoini, au kama huwa unatokwa vidonda vya homa mdomoni, maana leza inaviamsha na kuna dawa ya kumeza kabla. Na bibi harusi mtarajiwa, usianze leza mwezi wa singo! Mara nyingi inarudiwa mara 3 hadi 6, kila baada ya wiki 4 au zaidi, na kolajeni inaendelea kujijenga miezi baadae, kwaiyo piga hesabu kuanzia mbali. Hela nayo usilipe yote kwa mpigo, lipa kila unapofanya.

Siku yenyewe unapakwa ganzi, unafunikwa macho (hili halina mjadala), alafu unasikia kama mafuta ya kukaangia samaki yanakurukia. Kuvimba na kuwa na magamba siku chache ni kawaida.

Nyumbani osha taratibu, paka vaselini ya kawaida, magamba usiyabandue. Liwa, manjano, ndimu, hata kama bibi ndo kakushikia bakuli, bado kwanza. Raskazone kuogelea subiri hadi pafunge kabisa. Jua letu hili ndo adui mkubwa, paka sanskrini, yani mafuta ya kukinga jua, SPF (kiwango cha kinga) 30 kwenda juu, urudie kila masaa mawili ukiwa nje, na ya rangi yenye oksaidi ya chuma ni nzuri zaidi sababu inazuia hata mwanga wa kawaida unaoturudishia weusi. Mguu ni rahisi, gauni refu au dera limemaliza.

Usitegemee ngozi ya utotoni, kovu linalainika na kusawazika, halifutiki. Ila ukiona malengelenge makubwa, usaha, maumivu yanazidi badala ya kupungua au ngozi inageuka nyeupe, rudi kwa waliokupiga leza siku hiyohiyo, na wasipopokea simu nenda Bombo na lile jina la mashine uliloandika.