Nyanya za kwenye ndoo: soma jani kabla ya kununua mbolea

Uani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, nina nyanya kwenye ndoo za lita 20. Jani likigeuka njano usikimbilie yurea. Tazama kwanza ni jani lipi. Ya chini, yaliyokomaa, yakipauka yote, kirutubisho cha naitrojeni kimepungua. Tia samadi iliyooza vizuri. Yakiwa njano lakini mishipa imebaki kijani, magnesiamu ndiyo iliyopungua. Machanga ya juu yakifanya vivyo hivyo, basi mmea haupati chuma, na mara nyingi chuma kimo, ila chokaa ya udongo imekizuia.

Mwaka jana mimi nilirundika mbolea wee, ncha za majani zikazidi kuungua. Kumbe maji ya kisima yana chumvi! Ukiona utando mweupe juu ya udongo, ndiyo hiyo. Hakikisha ndoo ina matundu chini, kisha mimina maji ya mvua polepole, kama lita 40, yapite yatoke.

Udongo ukinuka kama mtaro, mizizi inaoza. Usimwagilie mpaka uchomeke kidole kisikute unyevu. Tunda limeoza kitakoni? Kalsiamu haifiki, kwa sababu leo unamwagilia, kesho unasahau.