SOMO: Jinsi ya kwenda konsati ya rock peke yako ukiwa ughaibuni (nimeenda Barrowland Glasgow na nimerudi mzima)

Wadau salaam. Juzi kuna mtu kaniuliza inbox eti inawezekana kwenda rock peke yako huku ugenini bila kuonekana kituko, nikaanza kumjibu nikaona jibu linakuwa refu nikasema bora niliweke hapa tusome wote. Mi mtu wa Tanga, niko Glasgow, Scotland, mwaka wa pili nafanya kazi ya kea (kutunza watu). Rock niliipendea kwa kaka yangu, alikuwa ananunua sidii za kuchoma Kariakoo anakuja nazo likizo, mama anasema zimeni hayo mapepo. Ila kwetu mtu haendi kwenye muziki peke yake bwana, hata taarabu mnakwenda kundi zima sare mmeshona, ukionekana peke yako kesho mtaa mzima unajua umeachika. Kwa hiyo mwaka mzima kilichonizuia si hela, ni aibu ya kusimama peke yangu. Jina la bendi silitaji, mtanicheka.

HATUA YA 1: chagua ukumbi kwanza
Usianze na uwanja wa mpira. Utalipa hela nyingi, utaangalia skrini, na kutoka ni saa nzima. Anza na ukumbi wa kati. Mimi nilichagua Barrowland, iko Gallowgate, inaingiza watu kama 1,900 hivi. Lilikuwa jumba la dansi, limejengwa 1934, likaungua 1958, likafunguliwa tena 1960. Nje kuna bango kubwa la taa za rangi huwezi kulipita, na pembeni kuna soko la Barras, wikendi mitumba na vikorokoro vimetandazwa utadhani uko soko la Karume Dar. Ukumbi wenyewe uko juu, unapanda ngazi. Sasa sakafu ile ni ya mbao na imetengenezwa inanesa, kwa ajili ya wacheza dansi wa zamani. Watu wakianza kuruka inakurusha na wewe hata kama umesimama tu. Mimi nilidhani jengo linaanguka, nikashika mkono wa mzee wa watu simjui hanijui, akacheka sana.

HATUA YA 2: tiketi
Nunua kwenye linki iliyoko kwenye tovuti ya ukumbi au ya bendi, basi. Bei unayoiona mwanzo siyo utakayolipa, kuna makato yanaongezeka mwishoni. Zikiisha usikimbilie mtu wa Facebook anayesema "nitumie kwa benki nikutumie PDF", hiyo hela umeitoa sadaka. Kuna apu ya Twickets, watu waliopata dharura wanauza tiketi zao humo na hairuhusiwi kuzidisha bei waliyonunulia. Na hapa mtu wa peke yake ana bahati kuliko wote, tiketi moja moja zinapatikana mpaka siku yenyewe, wanaohangaika ni wale wanaotaka nne za pamoja.

HATUA YA 3: soma saa vizuri
Tiketi ikiandikwa 19:00 hiyo ni saa moja usiku na ni saa ya kufungua milango, siyo ya bendi. Kwanza inapanda bendi ndogo ya kuchangamsha, halafu wako wanapanda kama saa tatu, saa tano kasoro mmetoka. Na wanatunza muda hawa watu! Siyo kama kwetu kadi inasema saa mbili mwimbaji anapanda saa sita. Siku hiyo hiyo angalia kurasa za ukumbi, mara nyingi wanaweka ratiba kamili. Ukichelewa kwa mazoea ya nyumbani umekosa nusu.

HATUA YA 4: mwilini na mfukoni
Hakuna sare nyeusi ya lazima, niliona baba kavaa shati la ofisini. Cha muhimu ni raba iliyofungwa vizuri (sendo usithubutu) na fulana chini ya koti, maana nje baridi inakata masikio na ndani dakika ishirini tu unaloa jasho. Koti liache kwenye chumba cha makoti, unalipa kidogo, piga picha ile namba wanayokupa.

Kitambulisho. Hapa wageni tunakwama. Ukitaka bia na una sura ya chini ya miaka 25 watakuomba kitambulisho, na ile kadi yetu ya ukaazi imeisha kazi mwisho wa 2024, siku hizi ni eVisa (viza ya mtandaoni, haina kadi), na eVisa huwezi kumuonyesha mtu wa baa. Kutembea na pasipoti kwenye watu wanaorukaruka ni uwendawazimu. Omba leseni ya mwanafunzi wa udereva (provisional), paundi 34 mtandaoni, hata kama gari hujawahi kushika usukani.

Masikio msinipuuze. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2022 waliweka kiwango, kumbi zisizidi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 100 kwa wastani wa dakika 15, na wataalamu wa usalama kazini Marekani wanasema kwa desibeli 100 sikio lisilo na kinga lipewe dakika 15 tu kwa siku. Konsati inachukua kama masaa matatu. Nunua vizibo vya masikio vya muziki, siyo vile vya sponji vya kulalia vinavyofanya kila kitu kisikike kama jirani anagombana. Kaka yangu alikaa miaka karibu na spika za disko, leo ukimuita mara tatu ndo anageuka.

HATUA YA 5: foleni
Nilifika mapema nikajipanga, moyo unadunda, naona kila mtu yuko na mwenzake. Mbele yangu mama mtu mzima anageuka ananiambia "all right, hen?" Nikanuna. Nimesoma Kiingereza mimi, hen ni kuku! Nimesafiri mabara mawili nije kuitwa kuku kwenye foleni? Kumbe Glasgow ndivyo wanavyomuita mwanamke kwa upendo, kama sisi tunavyosema mpenzi au shosti. Mpaka tunafika mlangoni kashaniambia habari za talaka yake yote. Mlangoni unapekuliwa, begi liwe dogo, na ukitoka nje huruhusiwi kurudi.

HATUA YA 6: ndani
Mara ya kwanza simama karibu na meza ya fundi sauti, kwa nyuma. Sauti ni nzuri kuliko kote maana yeye anaipanga kwa kusikiliza hapo hapo, na hakuna anayekusukuma. Kabla ya taa kuzimwa ndo dakika ngumu, utajiona uko peke yako duniani, utatoa simu uangalie kitu ambacho hakipo. Vumilia. Taa zikizimwa tu hakuna anayekuona, wote wanaangalia mbele, hata wale waliokuja wanne wanne hawasemeshani tena. Nilisikia ukumbi mzima unaimba "here we, here we" kabla bendi haijapanda, ndo desturi yao Scotland, na mimi nikajikuta naimba sijui hata naimba nini.

Moshpiti: ni pale katikati watu wanapoacha duara na kugongana makusudi. Anayegombania daladala la Mbagala jioni hana cha kuogopa pale. Mikono weka kifuani, usirushe viwiko, mtu akianguka wote wanasimama wanamuinua, na hiyo sheria inaheshimiwa kweli. Ukichoka toka kwa pembeni, usitoke kwa nyuma kwa kusukuma. Ila ukiona huwezi kuinua mikono au kifua kinabanwa, hapo si mchezo tena, toka mapema, piga kelele kwa sekyuriti wa mbele wakuvute.

Maji usinunue, Scotland sheria inawalazimu wenye leseni ya pombe wakupe ya bomba bure ukiomba.

HATUA YA 7: kurudi
Hili nimeliweka mwisho lakini ndo ulifanye kwanza. Mi nilienda Jumapili, nikatembea robo saa mpaka kituo cha subway (treni ya chini ya ardhi) cha St Enoch nimejaa furaha, nakuta geti limefungwa, kumbe kipindi hicho Jumapili subway ilikuwa inafunga saa kumi na mbili jioni! Kosa langu, sikuangalia ratiba. Simu asilimia nne kwa sababu nilirekodi video kumi na mbili ambazo mpaka leo sijaziangalia. Nikapata teksi asilimia moja imebaki. Kwa hiyo hakikisha usafiri wa mwisho, weka hela ya teksi pembeni, na mtumie mtu mmoja ujumbe uko wapi na unarudi saa ngapi.

MASWALI

Mdau wa Leicester: Dada jumla ilikutoka ngapi?
— Tiketi 31, makato 4.50, koti 3, vizibo 12 (bado ninavyo), teksi 9. Kama paundi 60. Nilifanya shifti moja ya ziada nikamaliza.

Mama Salha, Muscat: Mwanangu yuko Manchester anasoma, anavaa hijabu na hanywi. Hawatamkera?
— Shikamoo mama. Hakuna anayeangalia umeshika nini, nusu ya watu walikuwa na maji. Niliona mabinti wawili wa hijabu mbele kabisa wanajua maneno yote. Mwambie achague mtandio mwepesi aubane vizuri. Mtu akimsumbua amfuate mfanyakazi yeyote, na Uingereza baa na kumbi nyingi ukiuliza "Angela yupo?" wanaelewa unahitaji msaada bila kueleza mbele za watu.

Mkenya wa Toronto: Sasa dadangu, si ungeanzia Nairobi tu? Sisi tulikuwa na redio ya rock XFM, tukakua na bendi zetu kina Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy. Mimi gig ya kwanza solo nilienda nikiwa campus, watu hamsini na ng'ombe wa jirani.
— Hahaha ungenialika wakati huo. Huyo ng'ombe alikuwa na vizibo?

Kijana wa Bukavu, niko Bruxelles: Mimi naogopa kwa sababu mweusi nitakuwa peke yangu. Ni kweli ao?
— Kaka sitakudanganya, niliwahesabu sita pamoja na mimi na jamaa mmoja wa sekyuriti. Dakika za mwanzo nililiona sana hilo. Yule sekyuriti alinitikisia kichwa tu, ile salamu yetu, ikatosha. Kumbi zinatofautiana lakini, siwezi kukuahidi ya Bruxelles.

Mzee wa Busara: Hizi ni kelele za shetani, pesa hiyo ungetuma nyumbani.
— Nyumbani nilituma tarehe moja mzee wangu, risiti ninayo.

Asiye na jina: Dada niko Paisley, nina tiketi ya mwezi ujao hapo hapo na sina mtu. Naweza kukutafuta?
— Karibu sana. Nitakuwa nyuma ya fundi sauti, nina jaketi la njano. Ila tusalimiane baada ya wimbo wa kwanza, ule nataka niusikilize peke yangu.